Hadi Kwenye Duka la Uyoga

Nasreen alinipigia simu Jumapili asubuhi kuniambia kwamba ana mwavuli wangu. Sikukumbuka kama nilipata kumpa mwavuli. Nilikuwa jikoni kwangu Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, nakula mkate nikiwa wima, kwa maana tangu nianze kuishi peke yangu nimepoteza ile desturi ya kukaa chini ili kula. Nikamjibu kwamba Toronto miavuli inauzwa kila kona, na hakuna sababu ya mtu wa miaka arobaini na tisa kupanda treni na mabasi mawili hadi Unionville kufuata mmoja. "Bwana wee, njoo," akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga ambacho miaka yote ya theluji haijakigusa. "Tumeuza nyumba. Usipokuja nautupa, kisha usije ukanilaumu." Nikasema sina nafasi. Saa moja baadaye nilikuwa kwenye treni. Mimi ni mtu wa namna hiyo: nakataa kwanza, halafu nafika kabla ya wote.

Sikufika kabla ya wote. Sebule ilikuwa imejaa maboksi, picha zimeteremshwa ukutani na kuacha alama nyeupe za mraba, na mume wa Nasreen alikuwa anafungua meza kwa bisibisi akiilaumu meza. Binti yao, Zara, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hulijibu kwa Kiingereza, alinipokea koti. Na kwenye zulia, miguu kainyoosha, akiviringisha vikombe kwenye magazeti, alikuwa amekaa Achieng'. Nasreen hakuwa amenitajia kwamba Achieng' yuko mjini. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka tisa.

"Aa, Mwakio," akasema bila kuinuka. "Umezeeka vizuri."

"Na wewe pia."

"Mimi goti limekataa kazi. Lakini asante."

Nikauliza anakaa hadi lini. Akasema anarudi Calgary leo hii, ndege ni ya jioni. Nikasema vizuri, kisha nikajiuliza ni nini hasa kilicho vizuri hapo, nikaanza kuzunguka sebule nikishika vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Nasreen alitoka chumba cha chini ameshika mwavuli. Ulikuwa wa karatasi iliyopakwa mafuta, mwekundu uliofifia hadi kufanana na chai ya maziwa, mpini wa mianzi, na ndege wawili waliochorwa wakielekea pande tofauti. Alipoufungua ukatoa harufu, sijui ni gundi au ni moshi, na ile harufu ikanirudisha kwenye mwaka ambao kwa muda mrefu nimekuwa nikiusimulia karamuni kama mwaka wa vichekesho. Kwa kweli ulikuwa mwaka wa kitu kingine, na uzito wake wote uko ndani ya siku moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada ya historia, na kazi ya kukaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari katikati ya jiji nikiinua na kushusha mti wa kizuizi. Achieng' na Nasreen walikuwa wanasomea uuguzi pamoja. Achieng' aliishi ghorofa mbili chini yangu, katika jengo lile lile ambalo sijalihama hadi leo, na kila Jumapili baada ya kanisa alipanda na sufuria yake kwa sababu alidai yangu inaunguza. Tulipika ugali, tukabishana kama majani ya duka la Wareno yanaweza kuitwa sukuma wiki, tukala tukiangalia barabara kuu na taa za magari zisizoisha. Hatukuwa wapenzi. Tulikuwa watu wawili ambao kila mtu kanisani alikwisha kutuoza isipokuwa sisi wenyewe. Jumapili moja nilimwambia kwamba nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mwaka mmoja. Sikuwa nimeikubali kazi hiyo. Barua ya kukubali ilikuwa mfukoni, sijaitia sahihi, na nilichotaka ni yeye aseme neno moja tu, hata kwa mzaha. Aliendelea kusonga ugali. "Hongera," akasema. "Utahitaji koti jepesi." Nikatia sahihi usiku ule ule, kwa hasira, na kumweleza kila mtu kwamba nakwenda kutafuta uzoefu.

Shule iliyoniajiri ilisikia neno Kanada kwenye simu ikatarajia Mkanada wa rangi nyingine. Mwalimu mkuu alipokuja kunipokea uwanja wa ndege alinipita mara tatu akiwa ameshika bango lenye jina langu. Lakini watu wale walikuwa na adabu kubwa kuliko mshangao wao, wakanipa darasa la watoto wa miaka tisa na chumba juu ya kibanda cha tambi cha mama mmoja aliyeitwa Pa Noi, yaani Shangazi Noi. Chumba kilikuwa na kitanda, feni yenye kasi moja, na dari iliyovuja mahali pale pale ambapo mtu mwenye akili angeweka meza. Niliweka meza. Kila asubuhi mvuke wa mchuzi ulipanda kwenye mbao za sakafu pamoja na sauti ya Pa Noi akigombana na redio, nami nikishuka aliniuliza neno ambalo ilinichukua mwezi kulielewa: umekula? Nilikuwa nikijibu "sijambo." Jioni nilikwenda kwenye duka la intaneti nikawaandikia wasichana wale barua ndefu kuhusu milima na utulivu wa moyo. Katika maisha yangu sijawahi kukosa utulivu kama mwaka ule. Nilitembea mitaa yote iliyo ndani ya handaki la maji linalouzunguka mji mkongwe, nikaizunguka tena kwa nje, halafu nikarudi kuandika kwamba nimetulia.

Wakaja mwezi wa pili, wakati wa mapumziko ya chuo. Nasreen alikuwa na orodha kutoka kwa mama yake, shangazi zake na majirani wa mama yake, maana kwetu mtu hasafiri peke yake, husafiri na maagizo ya mtaa mzima. Achieng' alikuwa na agizo moja tu. Alitaka kitambaa cha sare.

"Sare ya nini?" nikauliza. Tulikuwa kwenye kigari chekundu tukipanda mlima kwenda kwenye hekalu, tumekalia mabenchi tukitazamana, magoti yakigongana kila penye kona.

"Harusi," akasema, akiangalia miti. "Kama itakuwepo."

"Harusi ya nani?" Nasreen aliuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu na anataka lisemwe mbele ya mtu fulani.

"Wacha wewe. Tom ameniuliza. Yule injinia wa Calgary, ulimwona Krismasi. Sijamjibu."

Nililisikia lile "kama". Nikalisikia na "sijamjibu". Nilichosema mimi, msomi wa historia, ni kwamba hekalu tunalokwenda lina ngazi zaidi ya mia tatu na kwamba ni vizuri kunywa maji kabla.

Tulizipanda ngazi zile kati ya majoka wawili wa vigae wanaoteremka kando yake. Nasreen alisimama kila baada ya ngazi kumi kupiga picha ili asionekane anapumzika. Juu walimzuia Achieng' kwa sababu mabega yake yalikuwa wazi, na kijana wa mlangoni alikuwa anakwenda kumtafutia shali la kuazima alipomwona anatoa leso kwenye mkoba, anajitanda kwa mkono mmoja na kuendelea kutembea. Wanawake wawili wa pale walipiga makofi. Ndani kulikuwa na mnara wa dhahabu unaoumiza macho, na watu wakiuzunguka polepole wakiwa na maua, na sisi tukauzunguka nao, pekupeku kwenye mawe yaliyopata joto. Nilikuwa natembea nyuma yake. Maneno ya leso sikuyasoma, kwa sababu kila mara nilipokaribia kuyasoma nilijiambia niangalie usanifu.

"Huyu mtu wako anakimbia nini?" Nasreen alimwuliza Achieng' kwa sauti ya kunifikia. "Tumezunguka mara tatu, yeye amezunguka tano."

"Si mtu wangu," Achieng' akasema. "Na amekuwa hivyo tangu nimjue."

Kutoka mlimani tulikwenda kwenye kijiji cha mafundi wa miavuli, nikanunua ule mwekundu wenye ndege, na Nasreen akautia kwenye sanduku lake kwa kuwa chumba changu kilivuja. Mtu mwenye dari inayovuja angepaswa kubaki na mwavuli, lakini hakuna aliyeliona hilo siku ile. Chakula cha mchana kilikuwa tambi za mayai kwenye mchuzi wa binzari na tui la nazi, na juu yake tambi nyingine zilizokaangwa hadi kukauka. Nasreen alionja, akaonja tena. "Hiki ni chakula cha bibi yangu," akasema, "ila kuna mtu amekiangushia tambi." Achieng' aliuliza kama kuna ugali. Aliuliza kwa uso mkavu kabisa, nami nikaanza kumweleza mhudumu ugali ni nini, kwa Kithai changu cha watoto wa miaka tisa, mpaka nikawaona wote watatu, mhudumu akiwemo, wananicheka.

Ndipo tukaenda sokoni, lile soko kubwa la karibu na mto. Ghorofa ya chini ni uyoga mkavu, soseji zenye viungo, pilipili na maembe yaliyokaushwa. Vitambaa viko juu, kwenye vichochoro vyembamba ambapo majora yamesimama kama watu kwenye foleni. Achieng' aligusa kila kitu. Alikataa hariri kwa sababu inateleza, akakataa rangi ya maji ya bahari kwa sababu akina mama wa kanisa walikwisha kuivaa kwenye harusi mbili, akakataa nyingine bila sababu. Halafu akasimama. Kilikuwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, zambarau iliyoiva sana, na pindoni mstari mwembamba wa manjano. Aliuweka mkono wake juu yake akauacha pale.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliandika bei kwenye kalkuleta akatugeuzia. Hapo nikaingia kazini. Nilikuwa nimewatangazia tangu asubuhi kwamba mimi ni mwenyeji, na kwamba mtu aliyefuzu Gikomba hashindwi na soko lolote duniani. Nikaandika nusu. Mama akatabasamu, akashuka kidogo. Nikaweka uso wa mtu aliyefiwa. Akashuka kidogo tena, akaiweka kalkuleta chini, na kukunja mikono.

"Si mbaya," Achieng' alininong'oneza. "Mwakio, tuchukue."

"Ngoja. Sasa tunaondoka."

"Aki nimekipenda."

"Ndiyo maana tunaondoka. Tembea polepole, usigeuke nyuma. Kabla hatujafika kwenye duka la uyoga atatuita."

Kila mtu aliyekulia sokoni kwetu anajua kutembea kule. Unageuka kwa masikitiko, unapiga hatua kama mtu ambaye ana pengine pa kwenda lakini hana haraka, na mgongo wako wote unakuwa sikio. Kuondoka ni sehemu ya mazungumzo. Mwenye duka anajua, wewe unajua, na yeye akikuita "njoo, dada, njoo tuongee," hakuna aliyeshindwa. Achieng' ni mtu wa soko la Kibuye, Kisumu. Alijua kutembea hivyo kuliko mimi. Tukatembea. Tukapita nguo za watoto, tukapita mikanda na viatu, tukashuka ngazi, tukayapita maembe. Tukafika kwenye duka la uyoga. Tukasimama tukajifanya tunataka uyoga.

"Mbona hatuitwi?" akauliza Nasreen.

"Anatupima," nikasema.

Tulijifanya tunataka uyoga kwa muda mrefu hata ikabidi Nasreen anunue. Tuliporudi juu jora lile lilikuwa mezani na mkasi ulikuwa umefika katikati. Mwalimu mmoja wa shule ya pale alikuwa amelichukua lote kwa ajili ya wanafunzi wake wa ngoma. Yule mama alituona akafurahi kweli, kama mtu anayeona wageni wamerudi kusalimia.

"Mwulize," Achieng' akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwulize kwa nini hakutuita."

Nikauliza, kwa Kithai nilichokuwa nacho. Yule mama alishangaa, akavaa miwani ili aniangalie vizuri, akajibu taratibu jinsi mtu anavyomjibu mtoto.

"Anasemaje?"

"Anasema tulipoondoka alijua hatukitaki. Anasema mtu anayekwenda zake, ukimwita, unamkosea adabu."

Nasreen alicheka mpaka akashika ukuta. Achieng' hakucheka. Aliendelea kutazama mkasi.

Nasreen akaenda na orodha yake, nasi tukakaa kwenye viti vidogo vya plastiki tukinywa maji ya miwa, mfuko wa uyoga katikati yetu. Nimeyarudia mazungumzo yale mara nyingi kiasi kwamba nikisema siyakumbuki neno kwa neno nitakuwa nadanganya.

"Tom anataka jibu mwezi wa tatu," akasema.

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri. Nimetafuta kosa, sijaliona."

"Basi kama hakuna kosa…"

"Ndiyo. Hakuna." Akazungusha barafu kwenye gilasi. "Wewe mkataba wako unaisha lini?"

Ulikuwa unaisha mwezi wa nne, na nilikuwa nahesabu siku. "Nadhani nitaongeza mwaka mwingine," nikasema. Sijui lilikotoka jambo hilo. Sikuwa nimeliwaza hata dakika moja kabla ya hapo. Nilinyanyuka kwenye kiti kidogo nikakaa tena. "Pananifaa hapa."

Aliniangalia. Nilingoja. Sasa hivi, nikiwa na umri huu, naona wazi kwamba naye alikuwa anangoja, na kwamba tulikuwa wanafunzi wawili wa shule moja, kila mmoja anaondoka polepole, mgongo wake wote ni sikio.

"Ni vizuri," akasema. "Kama panakufaa."

Alipanda tena juu, kwenye duka la pili, akanyooshea kidole kitambaa cha kijani. Mwenye duka akaandika bei kwenye kalkuleta. Achieng' akalipa ile bei ya kwanza, mwana wa Kibuye, bila neno.

Shule haikuongeza mkataba wangu, walimpata Mwaustralia. Nilirudi Toronto, na mwezi wa nane nikasimama kanisani nimevaa tai ya kijani iliyoshonwa kutokana na kitambaa kile, kwa kuwa nilikuwa kwenye kamati ya harusi, na kila aliyenisifu kwa tai aliambiwa kwamba ni mimi niliyeongoza ununuzi. Wakahamia Calgary. Mimi nikaja kuoa, nikaachwa, na siku ya kuachwa nilishika mlango ili mke wangu apite vizuri na masanduku. Achieng' na Tom nao waliachana miaka sita iliyopita. Habari nilizipata kwa Nasreen, nikaandika ujumbe wa pole, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta.

Yote hayo yalikuwa kwenye mwavuli. Niliufunga, nikaufungua, nikazunguka boksi la vyombo.

"Mwakio, kaa," Achieng' akasema. "Unanitia kizunguzungu."

"Hajawahi kukaa huyu," Nasreen akasema. "Na mwavuli ufunge, nyumba haivuji. Zara, njoo umwone mtu aliyemliza shangazi yako Achieng' kutoka Bangkok mpaka Toronto."

Zara akauliza kitu kwa Kiingereza, macho yakiwa yamemtoka.

"Nasreen," Achieng' akasema.

"Nini? Nimechoka kuificha, nahama nyumba, sihami na siri za watu."

"Nililia kwa ajili ya kitambaa. Cha zambarau."

"Kitambaa gani kinaliliwa kwa muda wa saa kumi na sita? Hata chakula cha kwenye ndege nilikula mimi, chake na changu."

Mume wa Nasreen aliacha kuilaumu meza. Achieng' aliviringisha kikombe ambacho tayari kilikuwa kimeviringishwa, kisha simu yake ikalia. Teksi imefika lakini haiwezi kuingia, lori la wahamishaji limeziba njia, imesimama mwisho wa barabara. Tukainuka wote kwa kelele za kuagana. Alimkumbatia Nasreen muda mrefu. Mimi alinipa mkono, kama kanisani. Nikamwambia safari njema. Nikasema Calgary bado kutakuwa na baridi, avae koti zito. Nikajisikia nikisema hivyo, na nikajua nimewahi kusikia sentensi ya ukoo huo, ikisemwa na mtu mwingine juu ya sufuria.

Akatoka, akivuta kisanduku chake chenye magurudumu. Theluji ilikuwa imebaki kwenye pembe za bustani tu, na barabara ilikuwa imelowa. Alitembea polepole. Nilisimama mlangoni na mwavuli wangu nikijiambia ni goti. Goti limekataa kazi, amesema mwenyewe, na mtu mwenye goti bovu hutembea hivyo. Alipita nyumba ya kwanza. Alipita ya pili, ambapo mzee mmoja alikuwa anakwangua majani ya mwaka jana kwa reki. Nikageuka ndani, nikageuka nje.

"Na wewe," Nasreen akasema nyuma yangu, taratibu, "unaogopa kumkosea adabu?"

"Achieng'!"

Sauti ilitoka vibaya, nyembamba, kama ya mvulana anayebadilika sauti. Mzee wa reki alinyanyua kichwa. Zara akasema neno moja la Kiingereza ambalo mama yake alimkemea. Achieng' hakugeuka. Alipiga hatua moja, akapiga ya pili, jinsi tulivyofunzwa, na nilikwisha kushuka ngazi, viatu nimevaa nusu, maji yakiingia kwenye soksi, nikiita tena jina lake barabarani mchana kweupe mbele ya majirani wasionijua.

Ndipo akasimama. Aligeuka, mkono mmoja kiunoni. Teksi iliwasha na kuzima taa.

"Hapa hakuna duka la uyoga, Mwakio," akasema. "Ulikuwa unangoja nifike wapi?"